Kiti cha Sentimita Arobaini na Tatu

Mume wangu hamwangalii mtu usoni kwanza. Anaangalia makalio. Nisieleweke vibaya, ni kazi yake. Mteja akiingia karakana kuagiza kochi, yeye humwambia akae, kisha humzunguka kama mtu aliyeangusha kitu sakafuni, akiangalia visigino vimegusa chini au vinaning'inia, magoti yamekunjika wapi, mgongo umepata pa kuegemea au unajishikilia wenyewe. Akimaliza ndipo anauliza jina. Wapo walioondoka wakisema fundi yule ana kiburi. Waliovumilia wamekalia viti vyake miaka ishirini na viuno vyao vizima.

Mtaani hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Mzee Futi, kwa sababu utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake. Siku ya harusi yetu alikuwa nao mfukoni. Niliuona ukichungulia, nikajua nimeolewa na mtu pamoja na futi yake.

Ajabu ni kwamba haihitaji sana hiyo futi. Kila kiti anachokutana nacho, hata cha ugenini, hata cha msibani, hukiwekea kiganja kabla ya kukaa, halafu hukisogeza kiganja hicho mpaka gotini pake na kutaja namba. Ukipima, ni hiyohiyo. Alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuja kutengeneza kochi la mama yangu. Akaweka kiganja, akasema mbele ya wageni, "Mama, kochi lako linakudanganya. Upande huu uko chini sentimita mbili." Mama alikuwa amekalia upande huo miaka saba na alikuwa anatembea ameelemea kushoto. Nilicheka mpaka nikafukuzwa sebuleni. Miaka arobaini na moja ya ndoa, ukweli wa namna hiyo umeniaibisha mara nyingi, na sijui ningeishi vipi bila huo.

Basi uzee ukamwingia kwenye mapaja. Wengine huanza na macho, wengine masikio. Yeye macho yake ni ya mwewe mpaka leo. Kwanza niliuona kwenye suruali, maana mimi ndiye ninayezipiga pasi. Zilianza kupwaya mapajani wakati kiunoni zilikuwa zinakaa vilevile. Halafu akaacha kunyanyua kochi peke yake, akawa anamwita jirani yake muuza rangi amshikie upande mmoja. Halafu ikaja ile tabia ya mezani. Kila tukimaliza kula, kabla ya kuinuka, alianza kunyoosha kitambaa cha meza kwa viganja vyote viwili, taratibu, kwa makini, na wakati ananyoosha ndipo alipokuwa anajisukuma juu. Namfahamu mume wangu. Hajawahi kujali kitambaa cha meza tangu azaliwe.

Mikono nayo ilikuwa inamsaliti. Kazi ya makochi yote iko kwenye kuvuta. Kitambaa kinavutwa mpaka kilie ukikipiga kidole, ndipo kinapigwa msumari. Kikilegea, baada ya mwezi kochi linapata makunyanzi na mteja anarudi amenuna. Nilimkuta siku moja anavuta kwa koleo, na aliponiona akaificha chini ya pamba.

Lakini yote hayo tuliyamezea. Kilichovunja ukimya ni kibao.

Karakana ina kibao kifupi alichojitengenezea alipokuwa anajifunza ufundi, cha kukalia wakati wa kugongomea tumbo la kochi. Kiko chini mno, sentimita thelathini na moja. Siku hiyo alikikalia baada ya chakula cha mchana, akagonga alichogonga, akataka kuinuka, miguu ikakataa. Hapakuwa na kitu cha karibu cha kushika. Muuza rangi alimkuta wakati wa kufunga maduka, bado amekaa, akamshika kwapani akamsimamisha.

"Nilikuwa nahesabu misumari," akamwambia muuza rangi. Akaniambia na mimi hivyohivyo. Akamwambia na binti yetu.

Binti yetu ni mwalimu mkuu. Ana watoto mia sita wanaomletea visingizio kila asubuhi, kwa hiyo hiki cha misumari hakukijibu hata. Jumapili iliyofuata alikuja na mpango wake umeiva. Karakana ifungwe. Sisi wawili tuhamie kwake, kwenye chumba cha chini, kisicho na ngazi, chenye bafu lake na maji ya moto. Niseme ukweli wangu hapa: chumba kile nilikipenda. Nilikipenda kimoyomoyo, kama mtu anayependa pipi ya mtoto. Lakini nilimtazama mume wangu akisikiliza, nikaona uso wake unazimika, nikaacha kufikiria maji ya moto.

"Sifungi," akasema.

"Baba, safari ijayo utaanguka."

"Sijaanguka. Nilikuwa nimekaa."

Wote wawili ni wabishi, na ubishi ule binti hakuuokota barabarani. Wiki mbili walizungumza kupitia kwangu wakati wamekaa chumba kimoja.

Ni binti huyohuyo aliyeleta habari za utafiti. Hospitali ilikuwa inatafuta watu wa miaka sitini na mitano kwenda juu ambao misuli imepungua nguvu kwa sababu ya umri, ili kujaribu dawa fulani ya unga. Mimi nilidhani mzee atakataa. Akakubali hapohapo, nadhani kwa sababu mtu yeyote aliyekuwa anazungumzia kurudisha nguvu badala ya kufunga mlango alikuwa upande wake.

Daktari aliyetupokea alikuwa mwanamke mpole, msema taratibu, wa umri wa kuweza kuwa kitinda mimba wetu. Akatueleza. Washiriki wote watafanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Wote watapewa pakiti za unga wa kukoroga kwenye maji kila asubuhi. Ila nusu yao, unga wao una dawa. Nusu nyingine, ni unga mtupu wenye rangi na ladha ileile.

"Na anayepewa unga mtupu anajuaje?" akauliza mume wangu.

"Hajui."

"Wewe unajua?"

"Na mimi sijui, mzee wangu. Nikijua, nitaanza kumwangalia kwa jicho la huruma aliyekosa, na vipimo vitaharibika."

"Sasa nani anajua?"

"Kompyuta. Nayo haituambii mpaka mwisho."

Alifurahi sana. Nilidhani atakasirika, lakini alifurahi, akanigeukia akasema, "Umesikia? Hawa watu hawajiamini. Ndivyo inavyotakiwa." Akasoma fomu ya ridhaa kurasa zote kumi na moja, mimi nikasinzia, ndipo akatia sahihi.

Vipimo vilikuwa vitatu. Kubana chombo kwa mkono, kutembea mita nne, na kile cha tatu ambacho ndicho habari yenyewe: kuinuka kitini mara tano mfululizo, mikono imekunjwa kifuani, bila kushika chochote, huku nesi ameshika saa. Nesi akaleta kiti cha mbao kisicho na mikono. Mume wangu, kama kawaida yake, akakiwekea kiganja, akakipeleka gotini.

"Arobaini na tatu," akasema.

Nesi akacheka, akafungua kitabu chake cha maelekezo ya utafiti, na kicheko kikamwisha. Kitabu kilisema kiti kiwe na kimo cha sentimita arobaini na tatu.

"Na mguu wake wa nyuma uliwahi kuvunjika," mume wangu akaongeza. "Aliyeuunga alikuwa na haraka."

Alipata sekunde ishirini na moja. Mara ya nne alitetemeka mpaka nikashika ukingo wa kiti changu mwenyewe. Daktari akatueleza kwamba wataalamu wa mambo hayo wanasema ukizidisha sekunde kumi na tano, miguu ina upungufu wa nguvu. Binti yetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akaidaka namba ile kama mwalimu anavyodaka alama ya kufaulu.

"Baba, tukubaliane. Kipimo cha mwisho ukipata kumi na tano au chini yake, sitasema neno tena kuhusu karakana. Ukizidisha, unanipa funguo."

Mume wangu akamwangalia visigino, sijui kwa nini, labda mazoea. Kisha akampa mkono, wakashikana kama mteja na fundi.

Miezi ile sita nilikaa na mwanafunzi nyumbani. Pakiti zilikuja kwenye boksi lenye namba, naye kila asubuhi alikoroga moja na kuinywa amesimama. Nilionja. Ilikuwa na ladha ya chokaa iliyowekwa karibu na vanila. Kwenye ukumbi wa mazoezi alipata rafiki, dereva mstaafu wa malori, na wawili hao walikuwa wakilinganisha pakiti zao kwa kunusa, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyepewa unga mtupu. Nyumbani alifanya mazoezi jikoni. Ninakata vitunguu, nyuma yangu mtu anachuchumaa na kusimama huku ameshika ukingo wa sinki, anahesabu kwa sauti. Nilimwambia siku moja kwamba nikikosea chumvi lawama ziende hospitali.

Binti akipiga simu Jumapili, salamu ilikuwa moja.

"Baba, miguu?"

"Ipo."

Mwezi wa nne, jioni moja, tulimaliza kula. Akasema anakwenda kutafuta miwani yake, akainuka, akaenda. Mimi nikabaki natazama meza. Kitambaa kilikuwa na makunyanzi yake yote, hakuna aliyekigusa. Niliosha vyombo nikiimba, na mimi sijui kuimba.

Siku ya kipimo cha mwisho tulikwenda watatu. Kitengo cha utafiti kilikuwa kimehamia jengo jipya wiki tatu kabla, bado kunanuka rangi, na nesi alikuwa hajui hata soketi ziko wapi. Mume wangu alikuwa na kiwewe. Aliingia moja kwa moja akakaa kitini, akakunja mikono kifuani, akasubiri neno. Nesi akasema anza.

Sekunde kumi na mbili nukta nane.

Binti yetu alipiga makofi kama mtoto, akafuta machozi, akamkumbatia baba yake mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu amalize shule. Mimi nusura nipige vigelegele hospitalini. "Nimeshindwa, Baba," binti akawa anasema, "nimeshindwa, nimekubali." Na yule mshindi alikuwa amesimama katikati yetu na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Nyumbani hakugusa chakula. Alianza kuzunguka anawekea viganja viti vyetu, viti alivyovitengeneza mwenyewe, ambavyo vimo vyake anavijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake. Nikadhani joto limempanda.

"Unaumwa?"

"Kile kiti si kile," akasema.

"Kiti gani?"

"Cha leo. Kina arobaini na nane. Wamekibadilisha walipohama. Sikukiwekea kiganja, lakini nilijua nilipoinuka mara ya kwanza. Kiti kirefu kinakusukuma chenyewe. Nilijua, mama watoto, nikaendelea mpaka mara ya tano. Nilikuwa nautaka ushindi ule."

Nilikasirika. Sitajitia utakatifu hapa. Nilimwambia, "Wewe mwanaume, kuna mtu kakuuliza? Mtoto kakubali, karakana umebaki nayo, hivyo sentimita tano ni nini? Kaa kimya, ule."

Hakunijibu kwa hasira. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Tangu wahame, wangapi wamepimwa pale? Wote wataonekana wamepona, na aliyewaponya ni kiti. Wataandika kwamba unga huu na mazoezi haya yanarudisha miguu kwa kiasi fulani, kumbe si kiasi hicho. Kesho mtu kama mimi, mahali fulani, atakunywa unga wake, ataamini miguu imerudi, atakaa kwenye kibao chake. Halafu?"

Halafu yake hakuimalizia. Nilijua anakiona kibao gani. Hasira ikaniisha, ikaniachia aibu, na nyuma ya aibu ikaja fahari ambayo sikutaka aione, nikamsukumia sahani. Akala kidogo.

Asubuhi alimpigia binti mwenyewe. Binti alifika na nguo zake za shule, chaki kwenye mkono wa blauzi, na alipoelezwa akaketi.

"Baba, umeshinda. Umewahi kumwona mtu anakata rufaa baada ya kushinda?"

"Twende," akasema baba yake.

Tulipofika kwenye geti la hospitali, mume wangu akasimama ghafla. Mlinzi, mtu mzima mnene mwenye kofia, alikuwa amekaa kando ya mlango. Mume wangu akamtazama visigino, akatazama chini ya makalio yake.

"Habari za kazi, ndugu. Samahani, hebu inuka kidogo."

"Kuna nini, mzee?"

"Inuka tu."

Mlinzi akainuka. Mume wangu akakigeuza kiti miguu juu. Mguu wa nyuma ulikuwa na kiungo cha fundi mwenye haraka, na chini ya ubao kulikuwa na namba ya utafiti iliyoandikwa kwa rangi nyeupe.

"Hiki kilikuwa kimetelekezwa kwenye korido siku ya kuhama," mlinzi akaanza kujitetea. "Changu kilikuwa kinanining'iniza miguu, nikakiacha pale nikachukua hiki. Hakuna aliyelalamika!"

"Umechagua vizuri," mume wangu akamwambia. "Kwa miguu yako, hiki ndicho chako. Lakini kina kazi."

Tukaingia kitengoni, yeye mbele amebeba kiti, mlinzi nyuma akiuliza sasa atakaa wapi. Nesi alipoona kiti akaelewa kabla hatujasema, akaziba mdomo kwa kiganja. Futi ikatoka shingoni. Kile cha chumbani: arobaini na nane. Kile cha getini: arobaini na tatu. Daktari aliitwa, akapima mwenyewe, akapima tena, kisha akakikalia kile kirefu kama mtu aliyeishiwa pumzi.

"Watu kumi na tisa," akasema. "Wiki tatu hizi kila anayekuja anafanya vizuri. Tulikuwa tunashangilia. Nilikuwa nimeanza kuandika taarifa." "Itabidi tuwaite wote upya."

Nesi alikuwa analia. Mume wangu akamsogelea.

"Mwanangu, mimi nimepima viti miaka arobaini na sita, na jana nilikikalia hicho nikajua, nikainuka mara tano bila kusema. Kosa ni la wawili. Futa machozi unipime."

Daktari akamtaka apumzike nusu saa kwanza, kama kitabu kinavyotaka. Binti yetu nusu saa ile alisimama dirishani, ametupa mgongo. Kisha mume wangu akakiwekea kiganja kile kiti cha chini, akakaa, akakunja mikono. Nesi akasema anza. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, vizuri. Ya nne, vizuri. Ya tano ilimchelewa. Niliona mapaja yanafikiria. Akasimama.

"Kumi na tano nukta nne," nesi akasema kwa sauti ndogo. Akamtazama binti, akamtazama mzee. "Hiyo nukta nne ni kidole changu tu kwenye saa. Tunaweza kusema kumi na tano."

"Andika nukta nne," akasema mume wangu. "Miezi sita iliyopita ilikuwa ishirini na moja. Mimi naiheshimu hiyo nukta nne."

Daktari akampa mkono kwa mikono yake yote miwili. Alisema kwamba kutoka ishirini na moja mpaka pale ni hatua kubwa, kama ni dawa au ni mazoezi yaliyofanya hivyo bado haijulikani, na kwamba hiyo ndiyo namba ya kweli ya kwanza aliyoipata tangu wahame. Mume wangu alimsikiliza kwa adabu. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za karakana, zile mbili kubwa na ile ndogo ya kabati la nyuzi, akamkabidhi binti yake.

Binti akazipokea, akazitia kwenye mkoba, akafunga zipu. Tukatoka.

Tukapanda gari la binti. Nilikaa nyuma nikitazama shingo ya mume wangu na ile futi, nikiwaza atakuwa anaivaa kwa kazi gani kwenye chumba kile cha maji ya moto. Nilikichukia chumba chenyewe. Kwenye njia panda ya kwetu, binti hakukata kona. Akanyoosha mpaka mtaa wa maduka, akasimama mbele ya karakana, akafungua mkoba, akafungua mlango mwenyewe.

Akaingia na viatu vyake vya shule kwenye vumbi la mbao, akazungusha macho, akakiona kibao pale pembeni ya kochi ambalo halijaisha. Akakikalia. Mwalimu mkuu mzima, magoti yamefika kidevuni. Akakunja mikono kifuani akajaribu kuinuka. Hakuweza. Akajaribu tena, akaangukia mkono, akasimama huku anapangusa sketi.

"Kina ngapi hiki?"

"Thelathini na moja," akasema baba yake kutoka mlangoni.

"Ulikikalia muda gani siku ile?"

Mume wangu alikitazama kibao. Nilidhani misumari inarudi.

"Saa tatu," akasema. "Sikuwa nahesabu misumari, mwanangu. Nilikuwa nalia."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Nimelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, na jambo lile sikulijua. Muuza rangi alikuwa amesimama kwenye mlango wake, akarudi ndani taratibu.

Binti alimwendea baba yake. "Mimi sikuogopa miguu yako, Baba. Miguu ya kila mtu inachoka. Niliogopa kwamba siku nyingine utakwama tena, na hutaniambia." "Leo umekwenda hospitali kusema jambo ambalo hakuna mtu angelijua kamwe. Sasa mtu huyo nimwondoe karakana nimpeleke wapi?"

Akamrudishia funguo. Mume wangu hakufunga kiganja mara moja, akazitazama tu zikiwa zimelala mkononi.

"Tulikubaliana kumi na tano," akasema.

"Na mimi ndiye niliyeweka masharti, nayabadilisha. Kila Jumapili nikiuliza miguu, unanipa jibu la kweli, si 'ipo'. Na kibao hicho unakiongezea miguu leo hii, kabla sijaondoka."

Mume wangu akavuta futi kutoka shingoni, akainama mbele ya kibao, akajishika kwenye kochi bila kumficha mtu.

"Nikifikishe arobaini na tatu?"

"Arobaini na nane, Baba," akasema binti yetu. "Hapa hakuna mtihani."